Minyoo Haikuzoea Dawa

Safari hii ilianza kwa tuhuma. Jumapili moja katikati ya mvua za masika, kaka yangu Ruwa alinipigia simu kutoka Ndavaya, na bila hata salamu akasema, "Mbodze, mbuzi kumi na mmoja wamekufa. Hiyo dawa unayotuletea ni maji matupu."

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari hapa Ukunda. Nimezaliwa Ndavaya, upande ule mkavu wa Kinango, na mbuzi wale aliwaacha mama yetu marehemu. Ruwa alibaki nao nyumbani, mimi nikabeba jukumu la dawa. Kwa miaka saba nilinunua dawa ya minyoo na kuipeleka kila mwezi. Nilimtundikia Ruwa kalenda ukutani, nikazungushia duara kila tarehe ya kuwanywesha. Mbuzi wote, kila mwezi, bila kukosa. Zamani alikuwa akiwaruka baadhi yao, wale walionona, akisema hawana haja ya dawa. Nilimgombeza mpaka akaacha.

Siku ile nilimjibu vibaya. Nilimwambia huenda hajui kupima dawa. Akakata simu. Tukanyamaziana siku nne, mpaka wifi yangu aliponitumia picha ya mbuzi aliyevimba chini ya taya kama amefungiwa mfuko wa maji. Hapo nikaona sina budi kwenda.

Kabla ya kuondoka nilimpigia simu Bwana Kilonzo, afisa wa mifugo aliyeko Msambweni. Ni mtu wa Kitui aliyeishi huku Pwani miaka mingi. Aliwahi kuja shuleni kwetu kuzungumza na wanafunzi, ndiyo maana nilikuwa na namba yake. Alinisikiliza, kisha akaniambia nisibishane na mtu. "Chukua kinyesi cha kila mbuzi kabla ya dawa. Wape dawa. Baada ya wiki mbili chukua tena. Mniletee vyote, nihesabu mayai ya minyoo. Mayai yatasema ukweli."

Jumamosi alfajiri nilitoka Ukunda na vichupa vitupu kwenye mkoba. Barabara inapita Kombani, inapanda hadi Kwale penye ukungu na miti mikubwa, kisha inashuka kuelekea Kinango na nchi inafunguka. Kwa kawaida upande huo huwa na rangi ya vumbi. Mwaka huu ulikuwa wa kijani kitupu, na madimbwi yalisimama kando ya barabara. Dereva alisifia majani. Mimi sikuweza kuyafurahia, maana nafundisha kila mwaka kwamba mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, huanguliwa penye unyevu, na watoto wake hukwea majani mabichi wakisubiri kuliwa.

Kinango nilimkuta Ruwa ananisubiri, kama tulivyopanga kupitia kwa mkewe. Tulisalimiana kwa mkono, si zaidi. Nikamwambia, "Leo dawa utaichagua wewe. Nenda mwenyewe kwa ofisi ya mifugo uulize, chagua chupa, ukague kizibo. Mimi sitaigusa."

Alinitazama kidogo, akaenda. Alirudi na chupa ile ile ya aina ninayonunua siku zote.

Ndavaya tulifika adhuhuri. Zizi lilikuwa na mbuzi ishirini na watatu. Mara ya mwisho nilipokuja walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Wifi yangu aliniletea maji ya kunywa, akanionyesha mahali walipozika mizoga. Nyama yake hata mbwa aliisusa, alisema, ilikuwa nyeupe kama ya kuku. Minyoo hiyo hukaa tumboni na kunyonya damu. Ni myembamba kama uzi, lakini ikiwa maelfu inamkausha mnyama akiwa amesimama.

Tulifanya kazi hadi saa kumi. Ruwa alishika, mimi nilikinga kichupa, wifi aliandika majina. Kisha Ruwa akapima dawa mwenyewe, akamwingizia kila mbuzi bomba pembeni mwa mdomo na kusubiri mpaka ameze. Niliona anapima sawasawa, tone kwa tone. Nilitaka kumwomba radhi kwa maneno ya simuni, lakini sikupata mahali pa kuanzia.

Msambweni, wiki mbili na siku mbili baadaye, shule zikiwa likizoni. Vichupa vya kwanza nilikuwa nimevileta nilipotoka Ndavaya, na Ruwa alikuwa ametuma vya mara ya pili kwa mwendesha boda boda anayemwamini, navyo vilifika kabla yangu. Ofisi ya Kilonzo ni chumba kimoja chenye hadubini, sinki, na picha ya familia yake wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Aliniachia kiti.

"Tazama mwenyewe, mwalimu."

Nikaona mayai, ya mviringo mrefu, yametapakaa kama punje za mchele kwenye sinia.

"Haya ni ya kabla ya dawa?" nikauliza.

"Hayo ni ya baada."

Alinionyesha na ya kabla. Yalikuwa mengi zaidi, lakini si sana. Dawa aliyoichagua Ruwa kwa macho yake, akaipima kwa mkono wake, ilikuwa imeondoa sehemu ndogo tu. Nilihisi nafuu yenye aibu: si mimi niliyeleta maji.

"Basi minyoo imezoea dawa," nikasema.

Kilonzo alivua miwani. "Imezoea? Mnyoo gani umezoea?"

"Ya mbuzi wetu."

"Aisee, mwalimu, wewe ndiye unafundisha hii kitu. Mnyoo ukimezeshwa sumu Jumatatu ukafa, Jumanne utazoea nini?"

Ni swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi wangu. Nimesimama mbele ya ubao miaka kumi na mbili nikieleza mageuzi ya viumbe, nikichora twiga na shingo yake, nikisisitiza kwamba hakuna twiga aliyejinyoosha mpaka akarefuka. Kumbe nje ya darasa nilikuwa naongea kama asiyewahi kufungua kitabu hicho.

Niliketi pale nikajieleza upya, polepole, kama ningemweleza Ruwa. Tumboni mwa mbuzi mmoja mna maelfu ya minyoo, nayo haifanani. Mmoja una hiki, mwingine una kile, kwa bahati tu ya kuzaliwa. Tangu kabla sijanunua chupa ya kwanza, kulikuwa na michache ambayo sumu ile haiishiki vizuri. Haikujua. Haikujiandaa. Dawa ilipoingia, ile mingi ikafa na ile michache ikabaki, ikazaana yenyewe kwa yenyewe, na mayai yake yakabeba hali ile ile ya wazazi. Mwezi uliofuata nikapeleka dawa tena, nikafagia tena ile dhaifu. Kwa mnyoo, mwezi ni umri wa kuzaliwa, kukomaa na kuzaa. Miaka saba kwake ni vizazi kwa vizazi. Tofauti, urithi, na kifo kinachochagua: mambo matatu tu, na nimeyaandika ubaoni mara ngapi sijui. Hakuna mnyoo hata mmoja uliobadilika. Kilichobadilika ni umati.

"Na wale mbuzi ambao Ruwa alikuwa akiwaruka?" niliuliza, ingawa nilianza kulijua jibu.

"Hao ndio walikuwa wanawasaidia," Kilonzo akasema. "Ndani yao minyoo ya kawaida ilibaki hai. Mayai yake yakifika malishoni yanachanganyika na ya ile sugu, yanaipunguza nguvu. Ukinywesha zizi zima, unabakisha ile sugu peke yake, shamba lote lake."

"Mimi ndiye niliyemkataza."

"Si wewe pekee. Hata sisi tulikuwa tunawaambia watu hivyo hivyo." Aliinama akaandika jina kwenye karatasi. "Kesho nenda Jego, umwone huyu mama. Bi Mwanasha. Kwake kuna maji kuliko kwenu na minyoo ni mingi kuliko kwenu. Mbuzi wake wako poa. Kaangalie anachofanya, usiende kumfundisha."

Niliposimama nikamuuliza, kwa kuwa picha ile ya kanisani ilikuwa mbele yangu, kama kazi hii haimtatizi kiimani. Alisema yeye ni shemasi, na Jumapili hasomi hadubini, na Jumatatu hahubiri.

Jego, siku ya pili, saa nne asubuhi. Nilishuka Lunga Lunga na kuchukua pikipiki inayokwenda njia ya Vanga. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji pande zote mbili, na hewa ilikuwa nzito kiasi cha kunata shingoni. Nilijiambia hapa hata mbuzi wa chuma angeugua.

Nilipiga hodi. Bi Mwanasha alitoka akiwa amejifunga leso mbili, mikono ina unga. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Waambaje? Za huko utokako?"

"Salama, alhamdulillahi," nilijibu. Kwetu dini zimechanganyika. Mama alikuwa Mkristo, mjomba ni Mwislamu, na salamu zote tunazo.

"Karibu ukae. Ukishakula ndipo utasema kilichokuleta."

Nikala vitumbua na chai ya tangawizi, kisha nikasema yote, hata habari ya kalenda. Hakucheka. Alininawisha mikono akanipeleka bandani, ambako mbuzi wake walikuwa wamefungiwa mpaka umande ukauke majanini. Walikuwa wafupi, wa rangi mbalimbali, wengi wao wembamba wa miguu. Kwa macho ya Ndavaya wangeitwa mbuzi wa kuokota.

Alimshika wa kwanza, akaubana mwili wake kati ya magoti, akaivuta kope ya chini kwa kidole gumba.

"Waona rangi gani?"

"Nyekundu."

"Huyu ana damu. Hapewi kitu." Akamwachia. Akamshika wa pili. "Na huyu?"

"Ya waridi."

"Huyu tutamwangalia wiki ijayo." Wa tano alikuwa na kope nyeupe kama kitambaa. Huyo alimfunga kamba kando. Katika mbuzi thelathini na mmoja, waliofungwa kando walikuwa wanne. Hao ndio aliowanywesha dawa.

Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akasema afisa alikuja na kadi yenye rangi za kulinganisha na kope, akawafundisha kikundi chao. Lakini yeye alikuwa ameanza nusu ya njia kabla ya hapo, kwa shida tu. Mwaka mmoja mafuriko ya mto Umba yaliwakatia barabara wakati wa mvua, dawa haikupatikana, na yeye alikuwa na chupa moja iliyobaki chini kabisa. Akawapa wale waliokuwa taabani tu. "Nilitaraji nitawazika wengine wote. Hawakufa. Nikajiuliza, kumbe siku zote nilikuwa nawapa dawa watu wazima na afya zao?"

Kuna jambo la pili alilolifanya, nalo hakuambiwa na afisa. Mbuzi ambaye kope zake hupauka kila mvua, mara tatu mfululizo, hamzalishi tena. Humuuza kwa ajili ya nyama. Yule ambaye hupita mvua mbili tatu bila dawa, huyo ndiye hubakiza watoto wake, hata akiwa kibete au ana pembe moja.

"Mimi nilimpelekea kaka yangu beberu kutoka bara," nikamwambia. "Mkubwa hasa, wa mbegu bora. Watoto wake ndio waliotangulia kufa."

"Bora wapi?" aliuliza.

"Vipi, bibi?"

"Nauliza, bora wapi? Huko kwao alikotoka, yumkini. Hapa bora ni yule aliye hai."

Sijapata kusikia mtu akiueleza uteuzi wa asili kwa maneno machache namna hiyo, na sikutaka kumharibia kwa istilahi. Lakini alasiri, tulipokuwa tunachambua mchele barazani, aliniuliza mwenyewe ninachofundisha. Nikamwambia. Akaacha kuchambua.

"Ndiyo hayo ya mtu kutoka kwa nyani?"

"Hiyo ndiyo sehemu watu waipendayo kubishania," nikasema. "Chanzo chake kilikuwa kidogo zaidi." Nikamsimulia habari ya Mwingereza aliyezunguka dunia kwa meli akiwa kijana, akaona visiwani ndege wanaofanana kwa yote isipokuwa midomo, kila mmoja na mdomo unaofaa chakula cha mahali pake. Aliporudi kwao alikaa miaka mingi akiwaza, na alichofanya ni kufuga njiwa na kuwauliza wafugaji wenzake jinsi wanavyochagua dume na jike. Akaona kwamba kama mfugaji anaweza kubadilisha njiwa kwa kuchagua wa kuzaa, basi njaa, baridi na maradhi nayo huchagua, ijapokuwa hayakusudii chochote. Na Mwingereza mwingine, aliyekuwa visiwa vya mbali vya Asia akikusanya wadudu na ndege, alilifikia wazo lile lile peke yake akiwa kitandani na homa.

"Na homa?" Bi Mwanasha alicheka kwa mara ya kwanza. "Mie nikiwa na homa sijui hata jina langu."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Lakini yule wa kwanza aliuliza wafugaji. Hapo alifanya la maana." Akarudia kuchambua. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mola ndiye aumbaye, hilo usinitoe. Jinsi aumbavyo, mie sijaambiwa. Nilichoambiwa ni kuangalia kope."

Nikamwambia sina nia ya kumtoa popote. Na kweli sikuwa nayo. Nilikuwa nimekuja kutafuta namna ya kuokoa mbuzi ishirini na watatu na ndugu mmoja, na wote walikuwa wananisubiri Ndavaya.

Safari ya kurudi sikupita pwani. Nililala kwa Bi Mwanasha, asubuhi nikatoka Jego hadi Lunga Lunga, nikachukua pikipiki ya njia ya ndani, inayopita Mwangulu. Njia ilikuwa na matope mekundu, mara mbili tulishuka tukaisukuma. Nilipakwa tope hadi magotini. Muda wote nilikuwa natunga namna ya kumwambia Ruwa. Kulikuwa na njia rahisi: ningesema dawa ya kiwandani imeshindwa, na hilo lisingekuwa uongo.

Ndavaya nilifika saa nane mchana. Ruwa alikuwa anasokota kamba chini ya paa la jikoni.

"Wamesemaje?"

"Dawa ilikuwa dawa. Ile yangu na ile uliyoichagua."

"Kwa hiyo hakuna aliyetudanganya."

"Hakuna. Minyoo iliyobaki ni sugu, na mimi ndiye niliyeichagua. Ile kalenda ndiyo iliyoichagua. Wewe ulipokuwa unawaruka walionona, ulikuwa unafanya sawa, na mimi nikakugombeza."

Nikamweleza yote, habari ya mayai, ya umati wa minyoo, ya Bi Mwanasha na kope. Aliuliza maswali mawili tu, yote ya maana. La pili lilikuwa, "Na dawa hii haifai tena hata kidogo?" Nikamweleza kwamba Kilonzo amenipa ya aina nyingine, na kwamba tukiitumia kama tulivyoitumia ile, nayo itatushinda.

Tukaingia zizini. Mbuzi wawili walikuwa wamekufa nilipokuwa njiani. Walikuwa wamebaki ishirini na mmoja. Tuliangalia kope moja moja. Kumi walipauka, tukawanywesha ile dawa mpya. Kumi na mmoja walikuwa na damu. Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Ruwa alisimama na bomba mkononi, limejaa, amemshika jike mchanga mwenye kope nyekundu, aliyezaliwa na mbuzi aliyekuwa kipenzi cha mama. Wenzake waliokufa walikuwa na nguvu kama yeye mwezi mmoja uliopita.

"Tumwache?" akaniuliza.

"Tumwache."

Akalishusha bomba. Kisha akamwachia yule jike akaenda zake. Yule beberu wa bara kope zake zilikuwa nyeupe kabisa. Alipewa dawa, na Ruwa akasema akinenepa atauzwa. Sikumtetea.

Desemba shule zilipofungwa nilirudi tena. Vuli ilikuwa imenyesha vizuri. Safari hii walikufa watatu, si kumi na mmoja. Mmoja wa hao watatu alikuwa yule jike mchanga tuliyemwacha bila dawa.

Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Mpaka sasa nimejifunza kwamba jambo hili halifanani na dawa, ambayo unaipa na kwenda zako. Uchaguzi unaendelea kila siku malishoni, tuwepo tusiwepo, nao haumpendi wala haumchukii yeyote. Tunachoweza sisi ni kuutazama kwa karibu na kuuelekeza kidogo, tukikubali kwamba mara nyingine tutakosea na mnyama mzima atalipa. Darasani sikuwahi kulisema hili. Twiga wa ubaoni hana mwenyewe wa kumlilia.

"Nilikwenda matangani kwa wakwe," Ruwa alisema. "Siku kumi sikuangalia. Huko Jego yule mama huangalia kila baada ya siku ngapi?"

"Wakati wa mvua, kila wiki."

"Basi na hapa ni kila wiki."

Akaingia zizini, akamshika wa kwanza, akaivuta kope kwa kidole gumba, akaniita nisogee tuone kama sote wawili tunaona rangi moja.